Mwalimu wa Koti Lililolalia Upande

Ndugu yangu, sogea karibu kidogo. Haya ninayokuandikia sijayasimulia kanisani wala sokoni, maana wengi wakipewa habari ya mtu wanaifanya ya kuchekea. Wewe nakuamini. Kuna mtu namtafuta. Sijawahi kumwona. Jina lake nalijua lakini sitaliandika, na sababu utaiona mbele. Njia pekee niliyo nayo ya kumpata ni kukueleza habari za mwanamke mwingine, mwalimu wangu, nimweleze jinsi alivyokuwa mpaka anayemfahamu akisikia tu aseme, huyu ni yeye.

Usinitafutie mpangilio. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, nikiwa mke wa mtu na mama wa mtoto. Nitasema kama ninavyoongea.

Mwalimu alikuwa mrefu, mwembamba, sauti yake ya chini kiasi kwamba ilibidi tusimamishe cherehani kumsikia. Alikuwa na koti moja la sufu, la kijivu, linavuka magoti, alilivaa kipupwe na kiangazi. Na koti lile lililalia upande. Pindo la kushoto lilishuka kuliko la kulia, kama vidole viwili hivi. Sasa fikiria, huyo ndiye anayetufundisha kushona. Ukimpelekea suruali uliyopiga pindo anailaza mezani, anapitisha futi, pakizidi hata kidogo anasema neno moja tu, "Fumua." Tumefumua mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Halafu saa ya kuondoka anavaa koti lake lililopinda, anafunga vifungo vyote, anakwenda zake.

Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu tuliyekuwa naye meza moja, ndiye aliyethubutu. Alimwambia, "Mwalimu, leta iyo koti tuitengeneze. Iko naangukia upande moja." Mwalimu alilikunja mapajani akasema, "Hili liacheni." Hakusema kwa ukali. Lakini hatukuligusa tena, kwa mkono wala kwa mdomo.

Darasa lilikuwa Thamesmead, pembeni mwa London, kwenye ukumbi wa kanisa, chini ya yale maghorofa, kila Alhamisi jioni. Cherehani sita, nzima mbili. Wengi wetu tulikuwa Wakongo, halafu sisi wachache wa Tanzania na Kenya. Kanisa lilitangaza kwamba ni darasa la ushonaji, na ushonaji tulijifunza kweli. Lakini kila aliyekuwa pale alikuwa na mtu aliyemshikilia. Mwingine alishikiliwa na waliomleta kufanya usafi, mwingine na ndugu wa mume. Hakuna aliyefungwa kamba. Ungetukuta barabarani ungeona wanawake wanaotembea na mifuko yao.

Mimi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne tuliletwa kutoka Morogoro na mama mmoja wa huko huko, mtu wa ibada, aliyekuwa na biashara ya vyakula vya sherehe. Nitamwita Mama Bosi, kama tulivyomwita. Tulikaa chumba cha nyuma ya jiko, nyumbani kwake, uchochoro mmoja unaotokea Edgware Road. Mimi nilikuwa wa unga na mafuta, sambusa, chapati, maandazi, kutoka giza la asubuhi. Mume wangu alikuwa anafungasha na kupeleka na gari. Tuliambiwa tiketi zetu za ndege ni deni, tutafanya kazi mpaka liishe, na deni lile halikuwahi kuisha. Pasipoti zetu zilikuwa kwenye droo yake yenye ufunguo, zisipotee, alisema. Mlango wa nyumba haukufungwa hata siku moja. Nisingejua niende wapi.

Alhamisi mume wangu alikuwa na mzigo wa Thamesmead, na Mama Bosi alikubali nipande gari nikajifunze kushona, ili nije nimshonee mapazia. Ndivyo nilivyofika kwa Mwalimu. Kusoma asingekubali. Hilo Mwalimu alilijua kabla sijamwambia, kwa kuwa wote pale tulikuwa hivyo, na ndiyo sababu kusoma alikuficha ndani ya kushona. Ubao hatukuwa nao, daftari hatukuwa nalo. Herufi tulizishona kwa uzi kwenye vipande vya kitambaa. Bosi akiuliza ulifanya nini leo, unatoa kitambaa, unasema nimejifunza kutia maua. Mama Bosi alikiangalia cha kwangu akasema mshono wangu ni wa hovyo. Alikuwa ameshika alfabeti nzima mkononi.

Na Mwalimu hakuanza na jina lako kama walimu wengine. Jina lako, alisema, hata ukiwa gizani unalijua. Alianza na swali, "Unakaa wapi?"

Siku yangu ya kwanza nilimjibu nakaa kwa Mama Bosi. Akasema hapana, wapi. Nikasema karibu na Edgware Road. Akasema barabara hiyo ni ndefu, ina Waarabu wa kila nchi na vituo vya treni si kimoja, nikikwambia nakuja kesho nitakuja wapi. Nilikuwa nina miaka miwili katika nyumba ile. Akaniambia nikatazame maandishi kwenye ukuta wa nje, niyachore kama yalivyo, kama mtu anayechora kikombe, nimletee.

Nikaenda. Nilipopeleka takataka niliangalia nyumba nikaona maandishi makubwa kuliko yote, kwenye kibao cha mbao juu ya mti. Nikayachora kwenye karatasi ya mfuko wa unga, herufi kwa herufi. Alhamisi nikampa. Akasoma, akageuza karatasi, akasoma tena. Kilikuwa kibao cha madalali cha kutangaza nyumba ya kupangisha.

Ukumbi mzima ulicheka. Mama Furaha alicheka mpaka akajichoma sindano. Tangu siku ile hakuniita kwa jina, aliniita Nyumba ya Kupanga, mpaka leo akipiga simu anasema, "Nyumba ya Kupanga, weye uko muzima?" Mwalimu peke yake hakucheka. Alisema, "Vizuri. Umejua kuchora. Sasa rudi ulete jina la mtaa, na namba ya mlango." Nikaleta. Halafu tukazishona, kila mmoja za kwake, ndani ya pindo la gauni, upande wa ndani usioonekana, mtaa, namba, na zile herufi za posta wanazoandika kwenye barua. Chini yake simu ya kanisa. Na watoto wetu vilevile. Tulitembea London nzima tumevaa tunakokaa.

Alikuwa na mambo yake ambayo hatukuyaelewa. Kikombe chake alikiosha mwenyewe. Hilo si ajabu, lakini kama kuna mtu ameanza kuosha vya wenzake, hasa mdogo kati yetu, Mwalimu alikuwa anatoka alipo, anamshika kiganja, anasema, "Hukuja hapa kuosha." Mfuko wake hakuruhusu mtu aubebe. Wakongo wanapenda kumheshimu mtu mzima kwa kumbebea, iliwaumiza. Mama Furaha alilalamika kwamba Mwalimu anawafanya waonekane hawana adabu.

Na hakutaka kuitwa Mama, wala Dada, na zaidi ya yote hakutaka kuitwa Shangazi. Binti mmoja wa Kitanga alimwita hivyo kwa upendo tu, akiwa anaomba uzi. Mwalimu aliweka mkasi chini akasema, "Mimi si shangazi wa mtu. Mimi ni mwalimu wako." Baada ya hapo alikwenda chooni akakaa huko muda mrefu. Binti akalia, akidhani amekosea sana. Aliporudi alimpa uzi, na siku ile alimkalisha karibu yake mpaka mwisho.

Alikuwa mtu wa sala, lakini sala fupi. Akifungua darasa alisema, "Bwana, tufungulie macho na vidole," basi, tunaanza. Jumapili, Mama Bosi akituruhusu kwenda ibada kulekule, Mwalimu alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na kila aliyeingia alimgeukia kumtazama. Na meza ya Bwana hakushiriki. Watu wote wananyanyuka, foleni inakwenda mbele, yeye amebaki peke yake kwenye benchi, mikono juu ya koti, upande ule wa kushoto. Mimi ni mtu ninayeyajali mambo hayo, lilinisumbua. Nilimwuliza mchungaji, akanijibu nimwombee na nisimwulize.

Tena kulikuwa na habari ya Jumamosi. Jumamosi hapatikani Thamesmead. Mama Furaha aliwahi kumwona akishuka basi Edgware Road na kuingia mgahawani, amevaa kofia, akarudi na habari kama redio. "Mwalimu iko na mubaba kule. Miye nakuambia. Mutu hawezi vuka Londres nzima juu ya chai." Tulifurahi, kusema kweli. Tulikuwa tunamwonea huruma, mwanamke peke yake, hana mgeni, hana simu inayolia. Tulimtafutia hata umbo huyo mzee, tukampa upara na gari.

Siku moja nilitumwa dukani nikamwona kwa macho yangu. Alikuwa kwenye mgahawa mmoja wa Waarabu, meza ya dirishani, glasi ya chai ya nanaa mbele yake imejaa, imepoa. Hakuwa na mzee yeyote. Alikuwa anatazama watu wanaopita, mmoja mmoja, wanawake tu, usoni. Nilimpungia mkono. Alinitazama kama wengine, kisha akanitambua, na uso wake ukaanguka, nisingeweza kukueleza vingine. Aliinuka nusu halafu akakaa. Nilikwenda zangu, na Mama Furaha sikumwambia. Nilijua tu kwamba pale hapakuwa na kitu cha kuchekea.

Mwezi mmoja wa baridi mtoto wangu alishikwa na homa. Siku ya pili hakunywa hata maji, macho yamegeuka. Mume wangu yuko njiani na mzigo. Nilimwomba Mama Bosi amwite daktari, akasema watoto wote wanaumwa, mpe vidonge, na kuna sherehe jioni, sambusa hazijafungwa. Alipopanda juu nilishika simu ya jikoni. Namba ya dharura Mwalimu alitufundisha kwa kuishona, tisa tatu, kama ndoano tatu za samaki. Sauti ikaniuliza maneno mengi kwa Kiingereza, nikaelewa moja tu, wapi. Nikainua gauni langu pale jikoni, nikageuza pindo, nikasoma. Mtaa. Namba. Herufi za posta. Kwa sauti, kidole juu ya uzi.

Watu wa ambulensi walikuja mpaka mlangoni kwetu. Mtoto alipona, ilikuwa mapafu.

Tuliporudi Mama Bosi hakuniuliza hali ya mtoto. Aliniuliza, "Nani alikwambia tunakaa wapi?"

Ndugu yangu, nimeishi nchi hii miaka mingi, nimesikia mengi, lakini hilo swali ndilo lililonifungua masikio. Kumbe kutojua kwangu kulikuwa ni kufuli, na yeye alijua alipoweka ufunguo.

Alhamisi nilimweleza Mwalimu. Ijumaa mchana kengele ililia, nikafungua, ni yeye na mchungaji, yeye na koti lake lile. Mama Bosi alitoka na kanga yake nzuri. Mchungaji alianza na salamu ndefu za Kitanzania, habari za nyumbani, habari za kazi, Mwalimu akamkata. Alisema, "Nimefuata pasipoti tatu. Ya mume, ya mke, ya mtoto."

Mama Bosi alimtazama toka juu mpaka chini, akacheka kidogo. Watu wetu wa London tunajuana zaidi ya tunavyosema. Akamwambia, "Wewe ndiye unakuja kudai kwangu? Ya yule wako ulisharudisha?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko na unga mikononi. Sikuelewa. Niliona tu Mwalimu ameshika pindo la koti lake, la kushoto, amelikamata kama mtu anayeshika nguzo ya basi. Mchungaji akaanza kukohoa. Kisha Mwalimu akasema, "Ndiyo maana nimekuja. Zilete."

Zililetwa, kwa matusi, lakini zililetwa. Jioni ile tulilala Thamesmead, kwa Mama Furaha, watu tisa vyumba viwili, na mume wangu alilala chini ya meza akisema hajawahi kulala pazuri hivyo. Yaliyofuata ni ya mawakili na karatasi na kungoja, sitakuchosha nayo. Tulikaa. Mtoto alisoma. Mimi niliendelea na darasa la jioni, safari hii la serikali, lenye madaftari. Mume wangu alikwenda mbele za haki kabla binti yetu hajamaliza shule. Nikachukua kijiduka Rayners Lane, karibu na kituo cha treni, kati ya muuza mboga wa Kihindi aliyezaliwa Kampala na fundi viatu, nikaandika kwenye kioo kwa mkono wangu mwenyewe, Marekebisho ya Nguo, kwa Kiingereza. Suruali, zipu, mapindo.

Mwalimu nilimpoteza hivihivi tu, kama watu wanavyopotezana London bila kugombana. Yeye kule mwisho wa mto, mimi huku mwisho wa treni. Kila Krismasi nilimpigia. Alikuwa anauliza, mnakaa wapi sasa, ananiandikisha anwani upya, halafu tunaagana. Hakuna mara aliyosema njoo. Na mimi nikasema mwaka huu nitakwenda, mwaka huu nitakwenda.

Akaja yeye.

Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, mvua nyepesi, dukani nipo peke yangu. Niliona kwanza koti kwenye kioo, kabla sijaona uso. Alikuwa amekonda, koti limebaki kama la mtu mwingine. Mikono ilikuwa inatetemeka, yote miwili, haitulii hata akiiweka mezani. Nilimkalisha, nikataka kumvua, akakataa, akavua mwenyewe, ilimchukua muda. Akaliweka mezani kwangu, pale ninapolaza suruali za watu.

"Mkasi mdogo unao?"

Nikamwambia ninao, Mwalimu, na koti hili ningekutengenezea zamani kama ungenipa.

"Fumua," akasema. "Hapo kushoto. Mimi mikono haiwezi tena."

Nikafumua. Mishono ya pindo lile ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona, midogo, sawasawa, ya mkono, na imeshonwa mmoja juu ya mwingine, na mwingine, kama mtu aliyefungua na kufunga mara nyingi. Kati ya sufu na bitana mlikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya nailoni mna pasipoti. Ya Tanzania, ya kizamani. Muda wake ulikwisha tangu miaka ya tisini. Nikafungua nikidhani ni yake. Ilikuwa picha ya msichana wa kama miaka ishirini, nywele mistari, amekaza midomo kama aliyeambiwa asicheke.

"Alikuwa ananiita Shangazi," Mwalimu akasema. "Sikuwa shangazi yake. Nilikwenda kwao nikamwambia mama yake nitamsomesha London."

Nitakueleza kama alivyonieleza, akiangalia dirishani. Alimleta, akakaa naye miaka mitatu katika ghorofa Thamesmead. Yeye Mwalimu alikuwa na kazi ofisini, na nyumba ilihitaji mtu. Msichana alipika, alifua, alilala sebuleni nyuma ya kochi. Hakupigwa, hakutukanwa, na hilo ndilo lililomfanya Mwalimu aone kwamba yeye ni mwema. Penseli msichana hakushika. Kila akiuliza shule, jibu lilikuwa mwakani. Pasipoti aliitunza Mwalimu. Halafu asubuhi moja mashine ya nyumbani ikaharibika, akamtuma na mfuko wa nguo kwenye dobi ya mashine, yale maduka ya kufulia kwa sarafu, mitaa mitatu mbele, mahali ambapo hajawahi kwenda peke yake.

"Hakurudi. Jioni nilikwenda. Nguo nilizikuta ndani ya mashine, zimefuliwa, mbichi. Yeye hayupo. Unajua nilifanya nini? Nilizibeba nikaenda kuzianika. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichofanya. Nilianika nguo."

Alikwenda polisi siku ya kumi na mbili, baada ya kuogopa vya kutosha. Wakamwomba picha. Picha ilikuwa ndani ya pasipoti, na pasipoti ingewaonyesha kwamba yeye ndiye aliyeishika. Akasema msichana ameondoka nayo. Wakatafuta mtu asiye na sura. Mtu mmoja alikuja kumwambia ameona aliyefanana naye akipita Edgware Road. Basi, ndiyo zile Jumamosi zote.

"Sijui kama alinikimbia au alipotea," akasema. "Anwani yetu hakuijua. Mimi sikumfundisha. Ningejua kwamba alinikimbia, ningelala usingizi. Aliyekimbia anajua anakokwenda."

Niliinuka nikawasha birika. Sikuwa na haja ya chai. Nilikuwa kama nimemwona Mama Bosi pale kwenye kiti changu, na kanga yake nzuri, na nilitaka kumwambia Mwalimu achukue koti lake atoke. Yeye ndiye aliyenipa herufi nilizomwokolea mwanangu. Vyote viwili vilikuwa vya kweli, na vilikaa pamoja katika kijiduka kile mpaka maji yakachemka.

Nikamwuliza, "Ulitufundisha sisi wote huku umelivaa hilo?"

"Nililivaa nisije nikasahau."

"Ungelipeleka polisi, Mwalimu."

"Ndiyo," akasema. "Ningelipeleka."

Aliniuliza kama nitaweza kumsamehe. Nikamwambia si mimi ninayedaiwa jibu hilo, ila Jumatatu nitamsindikiza kituo cha polisi. Akainamisha kichwa. Nilimpa chai, na alipomaliza alitaka kuinuka akaoshe kikombe, mikono ikamkatalia. Nikakiosha mimi. Aliniangalia nikiosha, machozi yakawa yanamtoka bila sauti.

Jumatatu tulikwenda, mimi na yeye na mchungaji. Alisema yote, hata ya kuanika nguo. Afisa alikuwa kijana, aliandika pole pole, akachukua pasipoti, akasema imepita miaka mingi lakini sasa wana picha. Mpaka leo hawajatuletea jibu, la heri wala la shari.

Mwalimu sasa yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee. Naenda Jumamosi. Kumbukumbu inakuja na kuondoka, lakini kila mwanamke anayeingia chumbani anamtazama usoni, halafu anamwuliza anakaa wapi. Manesi wanadhani ni mzaha wa kizee, wanamjibu. Nilipomwambia nataka kuandika, siku hiyo alikuwa na akili zake zote. Alisema, "Usiandike jina langu, na lake usiandike kabisa, asije akanyooshewa vidole. Mimi niandike nilivyo. Atanijua." Koti liko dukani kwangu, kwenye hanga. Nilipiga pindo lake siku ileile. Limekaa sawa, na kila nikiliangalia naona kama si lake.

Sasa ndugu yangu, nakuomba. Mpe mwingine habari hii, na yeye ampe mwingine, Thamesmead, Edgware Road, Leicester, Dar, Tanga, popote penye watu wetu. Yupo mwanamke, kama yupo, wa umri wa kati sasa, ambaye asubuhi moja aliweka nguo za Shangazi kwenye mashine akatoka. Si lazima aje. Si lazima asamehe. Mwalimu anaomba jambo moja tu kabla hajaondoka, kujua kwamba yupo. Neno hilo litarudi kwa njia ileile iliyopita habari hii, kutoka kwake hadi kwa aliyemletea, na kwa aliyemletea huyo, mpaka kwako, mpaka kwangu.

Na ukimpata, usimpe karatasi tu ukaondoka. Huenda hakuna mtu aliyemfundisha kusoma hata sasa. Kaa naye, umsomee.